Macho Manne ya Simu ya Bi Nyamizi

Hadithi hii imenifikia kwa mtu, naye aliipata kwa mwingine, na sasa iko kwako. Isome taratibu kabla hujaingia duka la simu. Ukimaliza, mpitishie yule ndugu yako anayenunua vitu kwa kutazama boksi. Unamjua. Kila ukoo unaye.

Zamani, simu zilipokuwa za waya na za mezani, aliishi Tabora msichana aitwaye Nyamizi. Kazi yake ilikuwa opereta wa simu.

Kwa mliozaliwa juzi, nitaeleza. Opereta alikaa mbele ya bodi kubwa yenye matundu, na kila tundu lilikuwa laini ya mtu au ofisi. Ukitaka kuongea na mtu wa mbali, ulinyanyua simu, opereta akaitika, ukamtajia unayemtaka. Yeye alichomeka waya kwenye tundu na kuuita mji wa pili. Opereta wa huko naye akachomeka wa kwake, ndipo mkasikiana. Dakika tatu zikitimia, sauti yake iliingia katikati: "Dakika tatu. Unaongeza?"

Watu walisema la maana kwanza. Siku hizi mtu anakupigia saa nzima, akikata hukumbuki alichokuwa anataka. Haya, tuyaache hayo.

Opereta wa Kigoma aliitwa Asumini. Kwenye laini hawakuitana majina, waliitana kwa miji yao.

"Kigoma."

"Nipo, Tabora."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na hivyo ndivyo walivyoendelea kwa miaka kumi na tisa. Mchana wa Jumapili, maofisi yakiwa yamefungwa na laini zimepoa, walipiga soga. Asumini alimsimulia dagaa wanavyoanikwa mchangani mpaka ufuo wote unameremeta. Nyamizi alimsimulia harufu ya asali nta inapoyeyushwa nyuma ya nyumba yao, na nyuki wanavyofuata harufu hiyo hadi jikoni. Kulikuwa na mkaguzi wa treni, mtu mwema sana, aliyewabebea vifurushi. Chupa ya mawese ilitoka Kigoma, kopo la asali likatoka Tabora.

Asumini alipojifungua mtoto wa kwanza, Tabora alipata habari kabla ya baba wa mtoto. Nyamizi alipofiwa na mama yake, Kigoma alikaa kwenye laini bila kusema neno, ili tu mwenzake asikie kuna mtu upande wa pili. Mimi nakwambia, urafiki wa namna ile siuoni tena, au labda upo nami nimezeeka.

Lakini hawakuwahi kuonana hata siku moja.

Nyamizi alipendekeza watumiane picha. Asumini akakataa kabisa. "Picha ya nini, shoga? Nikutazame umekauka kama mtu anayesubiri pasipoti? Tutaonana uso kwa uso, nikukumbatie." Wakaahidiana hivyo, wala hawakutumiana picha. Wakawa wanapanga safari na kuiahirisha. Mwaka huu mmoja mjamzito, mwaka ule mwingine ana mgonjwa, mwaka mwingine likizo imenyimwa. Kila mara Asumini alisema, "Basi mwaka kesho, Tabora."

Kisha ukaja mtambo mpya unaounganisha simu wenyewe. Bodi ya Tabora ilifunguliwa skrubu, ikapakiwa kwenye lori. Nyamizi alisimama dirishani akaitazama mpaka lori lilipokata kona ya sokoni. Siku hiyo hakula.

Miaka ikaenda. Wakastaafu, wakazika waume zao, wakapata wajukuu. Waliendelea kupigiana kwa vitochi, zile simu ndogo za kubonyeza zenye tochi. Bi Nyamizi akaanguka na kuvunjika nyonga, akawa mtu wa mkongojo, na safari ya treni ikawa haiwezekani tena. Bi Asumini alirudi kwao Ujiji, hukohuko Kigoma, akaishi na Zabibu, mwalimu, binti wa kaka yake. Huko ikampata presha ya macho. Jicho moja likafa. La pili likaanza kufifia.

Daktari alimweleza wazi. Dawa ya matone kila siku ingemlindia uoni uliobaki. Akiiacha, ungeondoka, na ukiondoka haurudi.

"Tabora," Asumini alisema siku moja, "nimechoka kusema mwaka kesho. Nataka nikuone kabla jicho hili halijazima. Zabibu ana simu ya kuonana. Tafuta na wewe ya kwako."

Kesho yake asubuhi Bi Nyamizi alichukua mkongojo wake akaenda dukani kwa Hamduni, karibu na stendi.

Hamduni alikuwa kijana mchangamfu. Alimpangia simu janja tisa juu ya kioo, akataka kuanza kueleza. Bi Nyamizi akamnyooshea kiganja.

"Mwanangu, mimi nimefanya kazi ya simu baba yako hajaota ndevu. Niache nichague."

Akazigeuza zote migongo juu, akaanza kuhesabu matundu.

Usimcheke. Enzi zake, heshima ya kituo cha simu ilikuwa matundu ya bodi. Tabora ilikuwa na matundu mia moja, Kigoma hamsini, na watu wa Tabora hawakuona haya kulitaja hilo. Kwa hiyo alipoona simu nyeusi yenye jicho moja tu la kamera, iliyotolewa rafu ya chini na vumbi lake, aliipita. Alipofika kwenye simu ya rangi ya dhahabu yenye macho manne yaliyojipanga mgongoni, mkono ukatulia.

"Hii ya matundu manne."

"Umechagua, mama. Hii ndiyo kiboko yao. Tazama boksi lilivyoandikwa."

Boksi lilikuwa na tarakimu kubwa kubwa, kila moja na nyota pembeni. Mnunuzi hakuuliza maana yake. Muuzaji naye hakuijua. Wakaagana wakiwa na furaha wote wawili.

Jumapili saa nne asubuhi, Bi Nyamizi alivaa kitenge kipya, akapaka wanja, akaketi barazani. Kule Ujiji Zabibu alipiga, akasikia kengele inaita, akampa shangazi yake simu na kukimbilia jikoni, kwa sababu maandazi yalikuwa yanaungua.

"Tabora."

"Nipo, Kigoma."

Kwenye kioo Bi Nyamizi aliona mtandio mweupe unaokatikakatika, mara upo, mara umeganda. Akadhani simu za kuonana ndivyo zilivyo. Kwake hata hicho kilikuwa kikubwa.

"Unaniona?"

Ule mtandio ukasogea karibu na kioo.

"Kigoma, unaniona?"

"Hebu geukia kwenye mwanga." Akageuka. "Sogea karibu." Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

Sauti ya Asumini ikaja chini sana. "Naona ukungu, shoga yangu. Ukungu, na kitu cheusi katikati. Basi, jicho limekwisha. Wewe hukukosea. Ni mimi na mwaka kesho wangu."

Simu ikakatika. Ilikuwa mara ya kwanza Kigoma kumkatia Tabora bila kuaga.

Bi Nyamizi alilia. Alilia kilio cha watu wazima, kile cha kujifuta kwa ncha ya kanga huku unaendelea kupanga vyombo.

Siku mbili baadaye Zabibu alimpigia kwenye kitochi. "Mama, shikamoo. Shangazi amekataa dawa. Anasema hawezi kutia dawa kwenye jicho lililokufa. Nimembembeleza, wapi. Daktari alituonya, asipitishe wiki bila matone. Anakusikiliza wewe tu."

"Mpe simu."

"Hataki kupokea. Amegeukia ukutani."

Bi Nyamizi alipiga siku ile mara nne. Hakupokelewa. Alijua hesabu ya siku zilizobaki, na nyonga yake haikumruhusu kwenda Ujiji kumtikisa rafiki yake mabega. Alikaa akiitazama ile simu ya dhahabu kwa hasira, asijue kwa nini anaikasirikia.

Nayo simu, kana kwamba haijafanya vya kutosha, ikawa inaisha chaji kabla ya adhuhuri. Siku ya Jumatano akaipeleka kwa Redempta, fundi simu mwenye meza yake nje ya soko.

Redempta alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliitazama simu, akatazama boksi, akaweka ndani ya simu programu ya kusoma vitu vilivyomo. Akasoma kwa muda.

"Mama, hii ulinunua kwa kuangalia nini?"

"Matundu."

"Matundu yapi?"

Bi Nyamizi akamwonyesha macho manne. Redempta alitaka kucheka, akajizuia. Badala yake akachukua kibisibisi, akafungua mgongo wa simu na kuusogeza karibu na mama.

"Hili moja lina kamera. Haya matatu ni vioo vya urembo. Nyuma yake hakuna kitu."

"Hakuna waya?"

"Hakuna hata waya."

Bi Nyamizi aliyakodolea macho matundu yale, mpaka Redempta akadhani amepatwa na presha. Lakini mama alikuwa amerudi mbali, kwenye wiki yake ya kwanza kazini. Mkuu wao wa zamu alimshika mkono, akampitisha nyuma ya bodi na kumulika kwa tochi. Mbele matundu yalikuwa mia moja. Nyuma, yenye waya yalikuwa sitini na mawili. Yaliyobaki yalitobolewa kwa ajili ya baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Mkuu akamwambia, bodi usiisome kwa mbele, zunguka.

"Jambo hili nimewafundisha wasichana saba," Bi Nyamizi alisema. "Mimi mwenyewe. Nikaenda kulisahau dukani."

"Wanaolisahau ni wengi, mama. Sasa kazi yako na simu ni nini hasa?"

"Kuonana na rafiki yangu."

"Basi hata hilo jicho moja la nyuma halikuhusu. Ukiongea kwa video, kinachokuonyesha ni hiki kitobo kidogo cha mbele. Boksi linasema kina megapikseli thelathini na mbili. Ndani nasoma mbili. Hebu jipige picha uone."

Bi Nyamizi akajipiga. Redempta akamgeuzia kioo.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Ni wewe."

Palikuwa na ukungu, na kitu cheusi katikati.

Bi Nyamizi akaishika meza kwa mikono miwili. "Ukungu na kitu cheusi," alisema. Akarudia tena, polepole. "Jicho la Asumini halijafa. Asumini ameona sawasawa kile nilichompelekea."

Akamsimulia Redempta kisa chote, machozi yanamtoka bila aibu. Redempta akaacha kazi nyingine zote.

"Keti, mama. Safari hii tutauliza kabla."

Akamweleza vya ndani kimoja kimoja, na ajabu ni kwamba mama alivielewa haraka kuliko vijana wengi wanaokaa pale mezani. Redempta alipomwambia prosesa ndiyo inayofanya kazi zote za simu, akajibu, "Huyo ni opereta mwenyewe." Alipoambiwa RAM ni kiasi cha mambo ambayo simu inaweza kushika kwa wakati mmoja, akasema, "Ni nyaya alizonazo mkononi. Akipewa mbili tu, wa tatu atasubiri."

"Boksi linasema kumi na mbili. Ndani ni mbili."

"Maskini, ndiyo maana inaganda."

"Halafu kuna hifadhi, pa kuweka picha na sauti zako."

"Kabati la karatasi. Hilo halinisumbui, mimi sina karatasi nyingi. Niambie laini."

Redempta akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hapo ndipo penyewe. Video inataka mtandao wa 4G. Boksi linasema 4G, alama ya juu inaonyesha 4G, lakini chombo kilichomo ndani kinaishia 3G. Picha inapita kwa kusukumana. Na betri iliyoandikwa elfu sita, haifiki hata nusu."

Wakaenda wote wawili dukani kwa Hamduni, mkongojo mbele, fundi nyuma.

Hamduni alipoona simu imefunguliwa mgongo, akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. "Mama, mimi nauza kilichoandikwa. Naletewa simu zilivyo, nauza zilivyo. Sijawahi kufungua mgongo hata wa moja."

Hakuwa anadanganya. Uso ulionyesha.

"Kaa, mwanangu," Bi Nyamizi akamwambia. "Kosa ni letu wawili. Wewe hukujua, mimi sikuuliza. Leo nauliza."

Akauliza. Kamera ya mbele ni megapikseli ngapi kweli, si za kwenye boksi? Inashika 4G ya mitandao inayopatikana hapa Tabora? RAM ngapi? Betri inakaa siku nzima nikiongea saa moja? Hamduni akanyoosha mkono kuchukua boksi. Redempta akaziwasha simu moja baada ya nyingine, akazisoma ndani, na kila iliyosomwa Bi Nyamizi alijipiga picha akaitazama sura yake bila huruma. Mbili zenye mabango makubwa zilikuwa na ukungu uleule. Hamduni akachukua daftari na kuandika kila kinachosomwa, kwa sababu alitambua hajui anachouza.

Ya mwisho ilikuwa ile nyeusi ya rafu ya chini. Bi Nyamizi akajipiga. Akaona mikunjo yake yote, na wanja, na nywele mbili za kidevuni alizodhani amezing'oa.

"Hii," akasema.

Hamduni akaibadilisha, akaifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe.

Hawakungoja Jumapili. Redempta alimsaidia kupiga palepale dukani. Zabibu akapokea.

"Zabibu, usimpe shangazi kwanza. Nitazame wewe mwenye macho mazima. Unaonaje?"

"Nakuona vizuri sana, mama. Mpaka hereni."

"Na Jumapili ulinionaje?"

"Jumapili sikutazama, mama. Nilikimbilia maandazi." Zabibu akaanza kuelewa. "Mama, ina maana..."

"Mpelekee."

Ikasikika sauti ya mlango, kisha sauti ya Asumini ikitokea ukutani. "Sitaki. Mwambie namsalimu. Sitaki kutazama ukungu tena."

Bi Nyamizi akanyoosha mgongo. Akatoa sauti ambayo hakuitoa tangu lori lile likate kona, sauti kavu ya kazini. "Kigoma, una simu kutoka Tabora. Unapokea?"

Opereta hakatai simu. Haijalishi ana nini moyoni. Mkono wa Asumini ulinyooka wenyewe.

Bi Nyamizi akaona mwanamke mdogo wa uso wa mviringo, mweusi wa kung'aa, jicho moja limeingia utando, la pili limefumbwa kwa ukaidi.

"Fumbua," akamwambia. "Ilikuwa simu yangu, shoga. Haikuwa jicho lako."

Jicho likafumbuka. Likatafuta, likatulia. Watu wawili walioongea zaidi ya miaka hamsini, sasa walikuwa wanaonana. Hamduni aligeuka akajifanya anapanga chaja. Redempta alikuwa analia waziwazi.

"Una mwanya," Asumini akasema hatimaye.

"Ninao."

"Miaka yote hiyo hukuniambia kama una mwanya."

"Hukuniuliza."

Asumini akacheka, na Bi Nyamizi akaona kwa mara ya kwanza kile kicheko alichokuwa anakisikia tu. Kinaanzia mabegani. Alijiambia kwamba angekijua popote.

Wakatazamana mpaka mkono wa Asumini ukachoka kushika simu. Alipoitua mapajani, hakugeukia ukutani.

"Zabibu," akaita, "njoo unitie dawa. Huyu bibi nataka kumtazama na kesho."

Funzo: Usinunue simu kwa uzuri wa mgongo wake wala kwa tarakimu za boksi. Jua kwanza unaitaka kwa kazi gani, kisha uliza kilichomo ndani kitakachoifanya kazi hiyo, maana simu mbovu yaweza kumfanya mtu mzima aamini kwamba mbovu ni yeye.